Udongo, Chungu na Ua: Maneno ya Ufinyanzi katika Kiswahili cha Pwani

Neno udongo lina kazi nyingi katika Kiswahili kuliko zile ambazo kamusi zimezoea kulitajia. Udongo ni ardhi ipandwayo mbegu. Ni kitu kikandikwacho ukutani. Nao ndio ufinyangwao chungu. Mkulima, mjenzi na mfinyanzi hutumia neno moja, lakini kila mmoja wao ana udongo wake, na ni nadra mmoja wao kuutumia wa mwenziwe bila ya hasara. Kwa sababu hiyo neno hili peke yake halitoshi, na wenyeji wa mwambao na visiwa wamejiwekea majina mengine yaliyo chini yake. Makala haya yanakusudia kuyaeleza majina hayo, kisha maneno ya ufinyanzi yaliyo karibu nayo, na baadaye majina ya maua. Kwani mambo haya matatu yakiwekwa pamoja hutoa ushahidi juu ya historia ya lugha ambao haupatikani katika kila moja likichunguzwa mbali na mengine.

Katika Unguja na Pemba mkulima hatosheki kusema udongo tu. Husema kinongo, akikusudia udongo mwekundu au wa hudhurungi. Husema mchanga, naye hakusudii mchanga wa ufukweni bali udongo mwepesi wa shamba. Husema uwanda, nchi ya mawe ya matumbawe ambayo udongo wake ni haba na hukaa katika vishimo vya mawe. Na husema kinamo, udongo mzito wa mabondeni, unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, ambao hufaa kwa mpunga. Calton, Tidbury na Walker walipochapisha uchunguzi wao wa udongo wa visiwa hivi mwaka 1955, waliyachukua majina haya ya wenyeji yakawa ndiyo majina ya makundi yao. Jambo hilo halikuwa heshima tupu kwa wenyeji. Mgawanyo wa mkulima ulikuwa umekwisha kuzingatia rangi, uzito, mahali na mmea ufaao, na maabara haikuwa na sababu ya kuupindua. Ama neno kinamo lenyewe, laelekea kuwa ndugu ya kinamasi, na maana iliyo ndani yake ni ya kitu kinamacho, yaani kipindikacho bila ya kuvunjika. Sifa hiyo hiyo ndiyo aitafutayo mfinyanzi.

Bara kuna mfano mwingine wa namna hii, nao umesafiri mbali zaidi. Geoffrey Milne, aliyekuwa mtaalamu wa udongo katika kituo cha uchunguzi wa kilimo cha Amani, Usambara, aliona kuwa mtu akishuka kutoka kileleni mwa kilima mpaka bondeni huvuka aina za udongo zilizofuatana kwa mpango ule ule, kilima hata kilima: mwekundu juu, wa kijivu au wa mchanga katikati, na mweusi mzito chini. Mfuatano huo aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, katika maandishi yake ya mwaka 1935, na jina hilo hutumiwa hata leo katika vitabu vya elimu ya udongo duniani. Udongo ule mweusi wa chini aliuita kwa jina la wenyeji, mbuga, na kwa kalamu yake na ya waliomfuata neno hilo likaingia katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza. Katika Kiswahili cha kila siku, kwa upande mwingine, mbuga imezidi kupoteza udongo wake. Msomaji wa magazeti akisikia mbuga hufikiri juu ya wanyama na watalii, wala hafikiri tena juu ya ardhi nyeusi ipasukayo nyufa za kuingia mguu. Wataalamu wa kigeni wamehifadhi maana ambayo wenye lugha wanaiacha.

Hapa yafaa kueleza kwa nini udongo mmoja hunata na mwingine haunati. Udongo wa mfinyanzi umeumbwa kwa vipande vilivyo bapa, vidogo hata havionekani kwa macho, kila kimoja kikiwa na upana usiozidi sehemu mbili za elfu za milimita. Maji yaingiapo kati yao huvifanya viteleze kimoja juu ya kingine bila ya kuachana. Kwa hiyo donge likibonyezwa hubadili sura na kubaki hivyo. Lakini sifa hii ikizidi kiasi huwa kasoro. Udongo wa mbuga hunywa maji mengi mno, hufura, na ukikauka hunywea kwa nguvu. Chungu kilichofinyangwa kwa udongo huo peke yake hupasuka kabla ya kuonja moto. Kwa hiyo mfinyanzi huuchanganya udongo mnene na mchanga, au na vigae vilivyopondwa, ili kuupunguzia nguvu. Chungu kilichovunjika huingia hivi katika mwili wa chungu kipya, na mtu akitazama kwa makini ukingo wa kigae cha kale huweza kuona punje za kigae kilichokitangulia.

Rangi nayo ina sababu yake. Udongo mwingi wa nchi hizi una chuma ndani yake. Kilimani, ambako maji hupita na hewa huingia, chuma hicho hupata kutu na kuupa udongo wekundu. Bondeni, ambako maji hukaa na hewa haifiki, wekundu hutoweka na kubaki kijivu. Mfinyanzi huchimba udongo wa kijivu, naye akiuchoma mahali penye hewa huutoa mwekundu. Moto humrudishia ule wekundu ambao bonde liliuondoa. Kigae chenye moyo mweusi katikati ya kingo mbili nyekundu kinasema tu kwamba moto haukudumu muda wa kutosha, au hewa haikufika ndani. Na moto ukipita joto la digrii 600 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe hutoka, na chombo hakiwezi tena kuwa tope hata kikilowekwa mwaka mzima. Methali isemayo kuwa udongo uwahiwe ungali maji hunukuliwa sana kwa malezi ya watoto, lakini kwanza ni maelezo sahihi ya kazi.

Kazi yenyewe, kama ifanywavyo mwambao, aghalabu ni ya wanawake, nayo haitumii gurudumu. Udongo huchimbwa bondeni, huanikwa, hupondwa, hutolewa mizizi na changarawe, hulowekwa na kukandwa. Chombo huinuliwa kwa mikono kutoka katika donge, au kwa pindi za udongo zilizowekwa moja juu ya nyingine. Hukwanguliwa kwa kipande cha kifuu au kwa gamba la kombe, hulainishwa kwa kijiwe, hutiwa nakshi shingoni, huachwa kivulini mpaka kikauke, kisha huchomwa chini ya lundo la kuni, makuti na makumbi. Wakisi wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, ambao wanawake wao ni mafundi mashuhuri kupita wengi katika Tanzania, hupeleka vyungu vyao kwa mitumbwi mpaka soko lililo karibu na Matema. Lakini wao wana lugha yao na maneno yao, yanayostahili makala ya peke yake.

Sasa maneno. Lugha nyingi za Kibantu hutumia, kwa kazi ya mfinyanzi, kitenzi ambacho wataalamu wamekirudisha katika umbo la kale *-bumba. Kiganda husema -bumba, na mfinyanzi ni omubumbi. Kizulu husema -bumba. Kichewa husema -umba. Kigikuyu kadhalika, na Mumbi, mama wa kabila katika masimulizi ya Wagikuyu, jina lake ni la mwenye kufinyanga na kuumba. Katika Kiswahili sauti b ya mwanzo imetoweka na ya pili imehifadhiwa na m iliyoitangulia, ikabaki -umba. Lakini tazama kilichotokea katika maana. Kuumba kumepanda daraja: Muumba ni Mwenyezi Mungu, kiumbe ni kila chenye uhai, maumbile ni tabia ya asili, umbo ni sura. Mama afanyaye mitungi hasemwi tena kuwa anaumba bali kuwa anafinyanga. Baadhi ya watu hudhani kuwa fikra ya Mungu kuumba kwa udongo ililetwa pwani na dini zilizotoka ng'ambo, na ni kweli kuwa dini hizo zina habari hiyo. Hata hivyo neno lenyewe lilikuwa limekwisha kushika udongo mikononi kabla ya kuja kwazo. Walioeneza dini walilikuta tayari.

Kitenzi -finyanga kilichochukua nafasi yake hutokana na -finya, yaani kubana kwa vidole, pamoja na kiambishi -ang-, ambacho katika lugha nyingi za Kibantu huonyesha tendo lirudiwalo. Kufinyanga, basi, ni kufinya na kufinya tena, na hapana maelezo mazuri zaidi ya kazi hiyo. Si neno jipya hata kidogo. Ushahidi uko katika jina la mtendaji. Kiswahili kina njia mbili za kuunda majina ya watendaji: ile iliyo hai leo, ya kuongeza -aji, na ile ya kale ambayo irabu i ya mwisho hubadili konsonanti iliyo mbele yake, kama -pika ilivyotoa mpishi, -linda mlinzi, -jenga mjenzi. Mfinyanzi ni wa kundi hili la pili. Mtu akisema mfinyangaji ataeleweka, lakini lugha ilikwisha kumpa jina fundi huyu zamani, wakati sheria ile ya sauti ilipokuwa ingali ikifanya kazi.

Ndivyo ilivyo kwa chungu. Wingi wake, vyungu, unaonyesha kuwa shina ni -ungu, nalo huonekana pia katika nyungu, neno litumiwalo leo zaidi kwa ule mvuke wa majani ambao mgonjwa hujifunikia, na katika jungu, chungu kikubwa, ambacho methali husema hakikosi ukoko. Kigikuyu kina nyũngũ kwa maana ya chungu cha kupikia. Chungu hiki kisichanganywe na chungu mdudu, wala na -chungu ya dawa kali. Umbo ni moja, nasaba ni mbalimbali. Gae, na kigae chake, hukamilisha ukoo huu, na methali ya mfinyanzi kulia gaeni huthibitisha kuwa gae lilikuwa na kazi mezani kabla ya kupelekwa makumbusho.

Ukiacha maneno haya, vyombo vingine vya udongo vina majina ya safari. Kuzi ni Kiarabu, na balasi pia. Sahani ni Kiarabu. Sinia ni neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kitu cha Kichina, kwani lilianzia katika vyombo vya nchi hiyo. Na leo Mswahili asemapo sinia la shaba hutaja Uchina bila ya kujua. Sufuria, iliyokiondoa chungu jikoni, nayo imetoka katika neno la Kiarabu la madini. Mgawanyo huu hauna mkanganyo mkubwa: chombo kilichofinyangwa nyumbani kina jina la nyumbani, na kilichoshuka jahazini kilishuka na jina lake.

Mgawanyo huo huo umefukuliwa ardhini. Waliochimba miji ya kale ya mwambao katikati ya karne ya 20, kama James Kirkman huko Gedi na baadaye Neville Chittick huko Kilwa na Manda, waliweka uzito mkubwa juu ya vigae vilivyotoka Uajemi na Uchina, na walikuwa na sababu njema: kigae cha Kichina kina tarehe yake, nacho huitarehesha ardhi iliyokizunguka. Bakuli za Kichina zilizopachikwa makaburini, kama katika kaburi la mnara la Mambrui, zilizidi kuvuta macho. Tokeo lake, hata hivyo, likawa kwamba msomaji wa kawaida alidhani miji ile ilikuwa ya watu wa bakuli hizo. Vigae vyenyewe vinasema vingine. Katika kila mji uliochimbwa, sehemu kubwa kabisa ya vigae ni ya vyungu vya hapa hapa. Vya ng'ambo ni sehemu ndogo. Mwaka 1967 Robert Soper alieleza vyombo vya Kwale, vya karne za kwanza baada ya Kristo. Kisha Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, na kukuta katika tabaka za chini, za karne ya 8, vyungu vya wenyeji vilivyotiwa nakshi za pembetatu. Na vyombo vya namna hiyo, vya kati ya karne ya 7 na ya 10, vimeonekana kutoka Lamu mpaka kusini ya Kilwa, katika Visiwa vya Ngazija, na bara pia. Felix Chami, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alitetea kuwa vyombo hivyo vilizaliwa na vile vya zamani za wakulima wa chuma, mfano wa vile vya Kwale. Wengine walivitafutia asili upande wa Mto Tana. Ubishi huo ni mkubwa, lakini pande zote mbili zinakubaliana kuwa asili ni Afrika.

Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, waliiweka mianzo ya Kiswahili, kwa ushahidi wa lugha, karibu na karne ya 9. Tarehe hizi mbili zikisimama jirani hivyo, ni vigumu mtu asizioanishe. Hata hivyo tahadhari inatakiwa. Chungu hakisemi. Mwanamke aweza kuolewa katika lugha nyingine akaendelea kufinyanga kama mama yake, na mji mzima waweza kubadili lugha bila ya kubadili vyungu. Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, walipolinganisha mwaka 2011 vigae vya namna hii vya mahali mbalimbali, walionyesha kuwa umoja wake si mkubwa kama ulivyosemwa. Kila mahali palikuwa na mazoea yake. Lililo thabiti ni dogo zaidi, nalo ni la thamani: wakati Kiswahili kilipokuwa kikijitenga na ndugu zake, watu wa mwambao walikuwa na wafinyanzi wao, na maneno -umba, chungu na mfinyanzi yalikuwa tayari vinywani mwao, kwa kuwa yote matatu yana umbo lililo la kale kuliko miji yenyewe.

Jambo moja ni la kusikitisha. Kamusi kubwa za Kiswahili, tangu ya Krapf ya mwaka 1882 mpaka za Johnson na Sacleux zilizotoka mwaka 1939, zimejaa maneno ya jahazi: kila kamba, kila ubao, kila upepo una jina. Maneno ya ufinyanzi ndani yake ni machache kwa kulinganisha. Huenda ikawa mabaharia walikuwa na maneno mengi zaidi. Lakini lililo karibu na akili ni kuwa watunga kamusi walikaa barazani na bandarini pamoja na wanaume, na ufinyanzi ulikuwa uani. Jina la kila hatua ya kukanda, jina la shingo, tumbo na kitako cha mtungi, jina la kila nakshi: hayo yamo kwa akina mama wa vijiji vichache tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 na Wynne-Jones na Bertram Mapunda juu ya wafinyanzi wa Mafia unaonyesha kuwa kazi bado ilikuwa hai huko. Mtaalamu wa lugha mwenye daftari angefaa kuwafuata wachimbuaji hao, kwani ndoo ya plastiki huondoa mtungi na huondoa pamoja nao maneno kumi yaliyoushikilia.

Yabaki maua. Neno ua, wingi maua, ni la kale pia. Kichewa kina duwa na maluwa, na Kiswahili kimeiacha l kama ilivyo desturi yake. Lakini majina ya maua mamoja mamoja hugawanyika kama vile vyombo. Maua ya bustani na ya nywele yamekuja na majina yake: asumini, waridi na rihani yamepitia Kiarabu, na langilangi limetoka mbali zaidi, visiwa vya mashariki ya Bahari ya Hindi, ambako huitwa ilang-ilang. Haya hupandwa mahali pakavu palipolimwa vizuri. Ukishuka bondeni kwenye kinamo, mahali palipochimbwa udongo na shimo likajaa maji ya masika, huoti asumini. Huota yungiyungi.

Kwa wataalamu wa mimea yungiyungi ni *Nymphaea*. Lenye maua ya buluu, *Nymphaea nouchali*, hufumbua mchana, na jeupe, *Nymphaea lotus*, hufumbua usiku. Mzizi wake hulala katika tope lile lile lisilo hewa ambalo limeufanya udongo kuwa kijivu, na mmea mwingine ungeoza hapo. Yungiyungi huishi kwa kuwa vikonyo vyake vina mifereji ndani, na hewa ya juu hupitishwa humo kutoka jani lielealo mpaka chini topeni. Jina lake halitoki Uarabuni. Kwamba limekaririwa kama langilangi si hoja ya undugu: umbo la kukariri ni la Kiswahili tangu zamani, na huwavaa hata wageni.

Ua la nchi hizi lililopata sifa kuu Ulaya haliishi katika udongo wa mfinyanzi kabisa. Saintpaulia, ambayo Wendland aliipa jina hilo mwaka 1893 kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyeipeleka kutoka Usambara, hushika juu ya miamba yenye kivuli na unyevu, na wataalamu wa siku hizi wameihamishia katika jenasi ya *Streptocarpus*. Hata hivyo katika madirisha ya Ulaya nayo imeishia chunguni.

Chungu cha maua ndicho chombo kinachowapa riziki wafinyanzi wengi wa mijini leo, nacho kimeleta mabadiliko madogo katika maana. Zamani chungu chenye tundu kilikuwa gae tayari. Hakikupika wala hakikuhifadhi maji, kikatupwa. Chungu cha maua hutobolewa kitako kwa makusudi kabla ya kuchomwa, ili maji yapite na mizizi isikose hewa, na ukuta wake usiotiwa rangi ya kioo huvuja unyevu kidogo kidogo, kama mtungi ulivyokuwa ukifanya ili kuyapoza maji. Kamusi zaeleza chungu kuwa ni chombo cha kupikia. Muuzaji wa kando ya barabara, mwenye vyungu hamsini vilivyotobolewa, hajaona sababu ya kutafuta neno jingine.